Moyo wa Mama Nao Usikilizwe

Mazungumzo ya leo yanahusu moyo wa mwanamke baada ya ujauzito na kujifungua, jambo ambalo halizungumzwi sana, kwa kuwa mtoto akishalia na kitovu kikakatwa, macho ya wengi humgeukia mtoto, na mama huhesabiwa kuwa amevuka salama.

Mambo makuu ya mazungumzo haya ni matatu, na yatarudiwa ili yakae vichwani. La kwanza ni kwamba ujauzito ni mtihani wa moyo, na matokeo ya mtihani huo hueleza mengi kuhusu afya ya mwanamke kwa miaka mingi inayofuata. La pili ni kwamba hatari kwa moyo wa mama haiishi siku ya kujifungua, kwani baadhi ya maradhi huanza baada ya siku hiyo. La tatu ni kwamba mama apimwe presha kila anapompeleka mtoto kliniki, na yule ambaye hana mtoto wa kumpeleka asisahauliwe.

Kwa nini ujauzito uitwe mtihani wa moyo? Mwanamke anapobeba mimba, damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi alichokuwa nacho awali, na moyo, ambao ni misuli yenye kazi ya kusukuma damu, hulazimika kupiga haraka zaidi na kwa nguvu zaidi ili mama na mtoto wote wapate chakula na hewa. Mwanamke wa nyanda za juu za Mbulu hubeba mzigo huo huku akipanda na kushuka vilima, mara nyingi akiwa na ndoo ya maji kichwani au mzigo wa kuni mgongoni. Moyo wenye afya huweza kazi hiyo. Hata hivyo, moyo au mishipa ya damu ikiwa na kasoro iliyojificha, ujauzito ndio huifichua. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na presha inayopanda wakati wa ujauzito ni wingu ambalo halipaswi kupuuzwa kwa sababu tu mvua haijanyesha.

Wingu linalojulikana zaidi ni kifafa cha mimba. Kabla ya degedege lenyewe kutokea, kwa kawaida presha hupanda kufikia 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, mara nyingi pamoja na protini katika mkojo, na hali hiyo wataalamu huiita dalili za awali za kifafa cha mimba. Mizizi ya ugonjwa huo iko kwenye kondo la nyuma, yaani kiungo kinachomlisha mtoto tumboni, ambalo lisipojishikiza vizuri kwenye ukuta wa mji wa mimba huachia katika damu vitu vinavyojeruhi utando wa ndani wa mishipa ya mama. Yako makabila mengi nchini ambamo degedege hilo limehusishwa na mapepo au uchawi, na saa za thamani zikapotea nyumbani kabla ya mgonjwa kufikishwa mahali penye sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo ndiyo dawa ya kulizuia na kulituliza.

Je, kondo la nyuma likishatoka, ugonjwa umekwisha? Hapa ndipo penye kosa ambalo mazungumzo haya yanakusudia kulirekebisha. Presha ya mama mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, wakati ambapo wengi wameshatoka hospitali na kurudi nyumbani, na kifafa cha mimba chenyewe huweza kumpata mwanamke ambaye presha yake ilikuwa nzuri wakati wote wa ujauzito. Zaidi ya hayo, mishipa iliyojeruhiwa haiponi kikamilifu kwa kila mwanamke. Tafiti zilizofanyika katika nchi nyingi zinakubaliana kwamba mwanamke aliyewahi kupata dalili za kifafa cha mimba ana uwezekano wa takribani mara mbili wa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo au kiharusi baadaye maishani, akilinganishwa na mwenzake ambaye hakupata, na uwezekano wake wa kuwa na presha ya kudumu ni mkubwa zaidi ya hapo. Vivyo hivyo, mwanamke aliyepata kisukari wakati wa ujauzito huweza kuona sukari imerudi kawaida baada ya kujifungua, lakini kisukari cha kudumu humwandama kuliko wengine, nacho ni adui mkubwa wa moyo.

Jambo hili lina uzito wa pekee Tanzania, kwa kuwa presha ndiyo inayoongoza kuwafikisha watu kwenye ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa aina hiyo walifikia hali hiyo kwa sababu ya presha. Presha hiyo huuchosha moyo taratibu kwa miaka mingi bila maumivu, na kwa mwanamke aliyezaa, alama yake ya kwanza huenda ilishaandikwa zamani kwenye kadi ya kliniki ya mimba yake ya kwanza.

Baada ya kifafa cha mimba, kuna ugonjwa wa pili unaopaswa kutajwa, nao ni udhaifu wa misuli ya moyo unaotokana na uzazi. Ugonjwa huu humpata mwanamke ambaye hakuwa na tatizo la moyo lililojulikana, mwishoni mwa ujauzito au katika miezi michache baada ya kujifungua, ambapo moyo hutanuka na kulegea mithili ya mpira uliochoka, ukashindwa kusukuma damu ya kutosha, na maji yakaanza kujaa kwenye mapafu na miguuni. Wanawake wenye asili ya Afrika huupata zaidi kuliko wengine, na kuwa na presha wakati wa ujauzito, kubeba mapacha au kuzaa mara nyingi huongeza uwezekano wa kuupata.

Ugumu wake ni kwamba dalili zake hufanana na uchovu wa kawaida wa mzazi. Je, ni mzazi gani asiyechoka, asiyekatizwa usingizi, asiyevimba miguu kidogo? Kwa hiyo ni lazima kutofautisha. Uchovu wa kawaida hupungua mama akipumzika, na uvimbe wa kawaida huondoka siku baada ya siku. Uchovu unaotoka moyoni huzidi kadiri siku zinavyokwenda, na mama hushindwa hata kutembea kutoka nyumbani hadi zizini bila kusimama kuvuta pumzi. Akilala chali hukosa hewa, akaanza kuongeza mto wa pili na wa tatu, na mwishowe analala ameketi ameegemea ukuta. Huamka usiku wa manane akitafuta hewa, akafungua mlango na kusimama nje kwenye baridi ili apumue. Hupata kikohozi kinachozidi usiku, ambacho huko Mbulu kwenye baridi ya Juni na Julai ni rahisi sana kudhaniwa kuwa ni mafua au nimonia. Mama anayelala ameketi baada ya kujifungua anaumwa, na anapaswa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Miaka ya 1970, madaktari waliokuwa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, waliandika habari za wanawake wengi waliougua ugonjwa huu baada ya kujifungua, wakaona kwamba kwa mila ya huko mzazi hulala kwa siku 40 kwenye kitanda chenye moto chini yake, huoga maji ya moto sana, na hula uji uliotiwa kanwa, ambayo ni chumvi ya ziwani inayofanana na magadi. Utafiti wa baadaye haukuthibitisha kwamba kanwa ndiyo mzizi wa ugonjwa wenyewe, kwa hiyo mila isibebeshwe lawama yote. Lakini kanuni moja inabaki kuwa kweli kwa kila moyo uliochoka, kwamba chumvi huvuta maji na kuyaweka mwilini, na maji hayo huuongezea moyo mzigo.

Kanuni hiyo inaihusu pia Tanzania. Magadi hutumika katika vyungu vingi vya kaskazini kulainisha kande na maharage, na wapishi wengi hawayahesabu kuwa chumvi kwa kuwa hayana ladha ile ya chumvi. Ukweli ni kwamba magadi yana madini yale yale ya sodiamu yaliyomo kwenye chumvi ya mezani, yaani yale yanayopandisha presha, hivyo mama aliyetia magadi kwenye kande na kisha akanyunyiza chumvi juu yake ameweka chumvi mara mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kikihesabiwa katika vyakula vyote. Maharage yanaweza kulowekwa usiku kucha yakalainika bila magadi, na mzazi akapata chakula kile kile kisichouchosha moyo wake.

Ugonjwa wa tatu unatajwa kwa ufupi, nao ni ugonjwa wa valvu za moyo, yaani milango midogo inayoongoza njia ya damu ndani ya moyo. Mara nyingi huanzia utotoni, mtoto anapougua koo kwa sababu ya bakteria na asipate tiba kamili, kisha mwili wake ukashambulia valvu zake mwenyewe. Msichana hukua akionekana mzima, akaolewa, na ugonjwa ukajitokeza kwa mara ya kwanza damu inapoongezeka wakati wa ujauzito, au saa chache baada ya kujifungua, ambapo damu iliyokuwa inakwenda kwenye mji wa mimba hurudi kwa wingi kwenye moyo. Kwa hiyo mzazi anayemtibu mtoto wake koo leo, na akahakikisha dozi imemalizika, huenda anaulinda moyo wa mama wa kesho.

Baada ya kuyafahamu maradhi hayo matatu, linakuja swali kubwa la mazungumzo haya. Je, moyo wa mama husikilizwa lini?

Mkoa wa Manyara una historia ya kujivunia katika kuusikiliza moyo wa mtoto. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, imekuwa miongoni mwa mahali palipofanyiwa tafiti za kifaa kidogo kilichopewa jina la Kiswahili, Moyo, ambacho hufungwa kwa mkanda tumboni mwa mama aliye kwenye uchungu na kuonyesha mapigo ya moyo wa mtoto, ili mkunga ajue mapema mtoto anapochoka. Haydom hiyo hiyo iliongoza mradi wa kuboresha usalama wa uzazi katika mikoa mitano, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambako wakunga walifanya mazoezi ya mara kwa mara mahali pao pa kazi. Nchini kote, makadirio ya vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika utafiti wa mwaka 2022. Hayo ni matunda ya kazi kubwa ya wakunga, na yanaonyesha kwamba panapowekwa sikio na nia, uhai huokolewa.

Sasa itazamwe siku ya kliniki ya wiki ya sita. Akina mama huketi kwenye benchi wakiwa wamewafunga watoto kwa khanga na mablanketi. Jina likiitwa, mtoto huvuliwa, huvikwa suruali ya kupimia na kuning'inizwa kwenye mizani, hulia, uzito wake huandikwa kwenye kadi, hupewa matone na sindano za chanjo, kisha mama humfunga tena mgongoni na kuondoka. Kila kitu cha mtoto kimepimwa na kuandikwa. Mahali pengine mama naye hupimwa, na wahudumu wanaofanya hivyo wanastahili shukrani, lakini mara nyingi mno mkono wake hurudi nyumbani bila kufungwa kipimo cha presha, ilhali mashine yenyewe iko mezani na kazi yake ni ya dakika chache tu.

Kwa hiyo jambo la tatu linarudiwa hapa kwa msisitizo: kliniki ya mtoto iwe pia kliniki ya mama. Mama ana haki ya kusema, kwa heshima na bila woga, "Naomba nipimwe na mimi presha, dada nesi." Kipimo chenyewe kina taratibu zake, ambazo mama akizijua atazidai. Kwanza aketi na kupumzika kama dakika tano, akiwa amekwenda haja ndogo, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, na mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Aliyepanda kilima na mtoto mgongoni na kupimwa papo hapo, presha yake huenda ikasoma juu kuliko ilivyo kweli. Namba zinazopatikana ziandikwe kwenye kadi yake, na kadi hiyo itunzwe kama hati ya shamba, kwa sababu daktari atakayemwona miaka 10 au 20 baadaye atahitaji kujua kilichotokea wakati wa mimba zake.

Ipo hali moja inayohitaji kutazamwa kwa huruma ya pekee. Je, mama ambaye mtoto wake alifariki ataipata wapi siku ya kliniki? Kifafa cha mimba ni miongoni mwa sababu za watoto kufia tumboni au kuzaliwa njiti wasioweza kuishi, hivyo mara nyingi mama aliyempoteza mtoto kwa njia hiyo ndiye hasa ambaye moyo na mishipa yake viko hatarini. Huyu hana kadi ya mtoto, hana tarehe ya chanjo, na hana sababu inayoonekana ya kurudi kwenye benchi lile, ambako kila jirani yake amepakata mtoto. Kwa Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, kulikuwa na kanuni ya kale ya metimani, iliyomtenga kwa muda mtu au kaya iliyopatwa na misiba ya aina fulani, ukiwamo msiba wa kuharibikiwa mimba au kuzaa mtoto aliyekufa, ili balaa isiwafikie majirani. Kanuni hiyo ilikuwa na hekima yake kwa wakati wake, na katika kaya nyingi imelegea, lakini pale ambapo kivuli chake bado kipo, humwacha mama peke yake katika wiki zile zile ambazo presha yake inahitaji kupimwa. Wazee wa kimila, mapadre, wachungaji na makatekista wana nafasi kubwa hapa, kwa kusema waziwazi kwamba kumpeleka mama huyo zahanati hakuvunji heshima ya msiba. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye amtembelee nyumbani kama anavyowatembelea wengine.

Wasikilizaji wapendwa, baada ya maelezo hayo, ni yapi ya kutenda?

Kwanza, mama arudi kupimwa ndani ya saa 48 za mwanzo, tena ndani ya wiki ya kwanza, na tena wiki ya sita, na aliyekuwa na presha asikose hata mara moja. Baada ya hapo apimwe angalau kila mwaka, hata kama anajisikia mzima, na aliyewahi kuwa na kisukari cha ujauzito apimwe pia sukari.

Pili, familia nzima izijue dalili za hatari. Maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, macho kuona ukungu au nyota, na maumivu ya chembe ya moyo, yaani pale chini ya kidari, ambayo wengi huyadhania kuwa ni vidonda vya tumbo, ni dalili za presha kali. Kukosa pumzi, kulala ameketi, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu ya kifua na uvimbe unaozidi ni dalili za moyo wenyewe. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humsafirisha mjamzito, mzazi aliye ndani ya siku 42 na mtoto mchanga kwenda kwenye huduma, na hupatikana kwa kupiga 115 bila malipo. Namba hiyo iandikwe ukutani, ili hata mtoto wa shule aweze kuisoma.

Tatu, dawa zisiachwe kwa hofu ya kunyonyesha. Zipo dawa za presha ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia kwa usalama, na mganga ndiye wa kuzichagua. Kunyonyesha kwenyewe, kwa mama anayeweza, huusaidia moyo wake kwa miaka ijayo.

Nne, mimba inayofuata ipangwe. Mwanamke ambaye moyo wake ulidhoofika baada ya kujifungua asibebe mimba nyingine kabla ya kupimwa kwa eko, yaani picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti, kwa kuwa moyo ambao haujapona huweza kushindwa kabisa. Aliyepata kifafa cha mimba aanze kliniki mapema sana mimba ijayo, kwani ipo aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari huweza kumwanzishia kuanzia wiki ya 12 ili kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Wenye matatizo makubwa hupewa rufaa, na baadhi hufika hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Safari hiyo ni ndefu na ya gharama, na kipimo cha presha cha zahanati ya kijiji kinaweza kuwaepusha nayo akina mama wengi.

Tano, akina baba na akina mama mkwe wabebe sehemu yao. Mume anayeuliza, "Mama fulani, leo umepimwa presha?" kama anavyouliza uzito wa mtoto, amefanya jambo kubwa. Mama mkwe anayempikia mzazi uji, maziwa na mboga kwa chumvi kidogo, na kumzuia kubeba ndoo kabla nguvu hazijarudi, naye ameulinda moyo huo.

Kwa kuhitimisha, mambo makuu ni yale matatu. Ujauzito ni mtihani wa moyo, na matokeo yake yatunzwe. Hatari haiishi siku ya kujifungua. Mama apimwe presha kila kliniki, na aliyempoteza mtoto apimwe pia. Leo nyumbani kwa kila msikilizaji huenda kuna mwanamke aliyejifungua mwezi huu, au miaka 20 iliyopita. Swali la kumwuliza ni fupi: mara ya mwisho alipimwa presha lini? Jibu likichelewa kuja, basi aongozwe zahanati wiki hii.